Mke wangu alibatizwa akiwa mchanga, wazee wanataka azamishwe ziwani. Nani anaamua hapa, dhamiri au kanisa?

Mwana_Mwaloni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hakuna ugomvi.

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nimekulia kanisa la maji mengi. Jina silitaji, kwa sababu nalipenda, na wale wazee nitakaowasema hapa ndio waliomzika baba yangu. Nilizamishwa nikiwa na miaka 15, upande wa Igombe, maji ya kiunoni, mchungaji kanibana pua kwa leso, mama anasubiri mchangani na kanga kavu. Sijawahi kuujutia ule ubatizo hata siku moja.

Mke wangu ni Mhaya, Mlutheri wa kuzaliwa. Alibatizwa na miezi mitatu, maji kidogo kichwani, basi. Aliyembeba hadi kanisani ni bibi yake mzaa mama, kwa miguu, mvua ya masika. Cheti anacho, kimekunjwa mara nne, kipo kwenye bahasha ya kaki pamoja na kadi za kliniki za watoto. Tulipooana akahamia kwetu, na walimpokea vizuri, nisiseme uongo. Anapika misibani, anatoa zaka, watoto wa Jumapili anawafundisha nyimbo. Ila Meza ya Bwana hapana, mpaka kwanza abatizwe "ubatizo wa Biblia".

Sasa mwoneni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Anakaa benchi la nyuma na akina mama wenye vichanga. Sinia ya vikombe inapita mkono kwa mkono. Ikimfikia anaipokea kwa mikono miwili, anaituliza isimwagike, anampa wa pembeni. Vile vikombe ni vidogo kama kifuniko cha dawa ya kikohozi. Miaka minne sasa anapitisha sinia.

Mwezi uliopita baraza la wazee likaniita. Ubatizo wa ziwani unakaribia, mwandikishe mkeo darasa. Nikawaambia hataki. Zamani alishaniambia: "Nikiingia yale maji nitakuwa nasema bibi alinibeba bure." Mzee mmoja, mpole kuliko wote, akanijibu: "Dhamiri yake tunaiheshimu, mwanangu. Lakini mafundisho hayaamuliwi sebuleni kwa mtu."

Wiki tatu niko na hilo neno. Linanikera, na kulijibu nashindwa. Mimi nikisoma Waefeso 4 naona ubatizo ni mmoja, na naamini wazee wamekosea. Lakini mimi ni nani? Nimeishia kidato cha nne. Wao wana mchungaji wa chuo cha Biblia, wana katiba, wana mvi. Fundisho linaamuliwa na nani, mtu na dhamiri yake, au kanisa? Naomba mawazo. Matusi tuwaachie jukwaa la siasa.

Fundi_Mitumbwi

Elimu ya dini sina. Ila pale Igombe, kabla mtu hajazamishwa, aulizie kwanza habari za kichocho.

Nshomile_Origino

Fundi umenichekesha niko kwenye daladala, watu wananiangalia.

Mkuu, kwanza hongera kwa kuoa kwetu, akili umeshaonyesha. Pili, swali lako lilishajibiwa miaka mia tano iliyopita. Tarehe 18 Aprili 1521, mji wa Worms, Luther amesimama mbele ya Kaisari Karoli wa Tano, vitabu vyake vimepangwa mezani, anaulizwa: unavikana, huvikani? Akasema dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu, na kwenda kinyume cha dhamiri si salama wala si haki. Papa alishamtenga tangu Januari mwaka huohuo. Mtawa mmoja, Papa upande huu, Kaisari upande ule. Halafu wewe unawaogopa wazee wa benchi la mbele?

Lesoni_Musoma

Nshomile usikate sentensi ya watu katikati. Luther hakusema "dhamiri yangu inaniambia". Alisema dhamiri *iliyofungwa na Neno*. Haya, Neno linasemaje? Warumi 6: tulizikwa pamoja naye kwa njia ya ubatizo. Nani anamzika mtu kwa kumnyunyizia mchanga kichwani? Soma na Matendo 19. Paulo anafika Efeso, anawakuta wanafunzi wenye ubatizo wa Yohana, wanabatizwa tena. Hakuna aliyeuliza bibi yake atajisikiaje.

Mimi ni Msabato, na hili la dhamiri na kanisa limenipata mwenyewe, kwa hiyo sisemi kwa juujuu. Julai 2015 kanisa letu la dunia lilikutana San Antonio, Marekani, kupigia kura kama kila divisheni, yaani kanda ya kanisa, iachiwe iamue yenyewe kuwawekea wanawake mikono ya uchungaji. Kura 1,381 zikakataa, 977 zikakubali. Moyoni mimi nilikuwa na wale 977, na hadi leo niko nao. Nilifanya nini? Sabato iliyofuata nikaenda kufundisha lesoni kama kawaida. Kanisa likiamua limeamua. Ukitaka kila dhamiri iwe na kanisa lake, hapa Musoma kila nyumba itajenga mnara.

Nshomile_Origino

"Mchanga kichwani" nakupa, umenipiga. Ila msibani hatuanzi kwa kutupia udongo wa kiganja kimoja kimoja? Na marehemu tunahesabu kazikwa.

Msomaji_wa_Usiku

Nimecheka, lakini Nshomile hutoki hapa salama.

Unamtaja Luther wa 1521. Twende mbele kidogo. Januari 1525, Zürich, watu wachache wanaoamini kuwa ubatizo ni wa anayejua anachofanya wanabatizana. Tarehe 5 Januari 1527 baraza la mji likamfunga mmoja wao, Felix Manz, mikono na magoti pamoja, likamtosa mto Limmat. Na Zürich ile haikuwa ya Papa, ilikuwa ya Zwingli, mwanamageuzi kama Luther, mageuzi matupu. Mtu kataka maji mengi, wakampa mengi.

Aprili 1529, Speyer, mkutano wa wakuu wa Ujerumani. Wakuu wa Kilutheri wanaandika pingamizi kwamba mambo ya Mungu na ya roho kila mtu asimame mwenyewe atoe hesabu. Jina "Protestanti" limetoka kwenye karatasi ile. Mkutano uleule, mwezi uleule, ukapitisha amri ya kifo kwa wanaobatiza tena, na wakuu walewale waliikubali. Dhamiri ilikuwa tamu ilipokuwa ya kwao. Mwaka 1530 Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 9 kikawalaani hao watu kwa maandishi. Msamaha ulikuja Stuttgart, Julai 2010, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilipowaomba radhi Wamenno, warithi wa hao wabatizaji. Hesabu mwenyewe miaka.

Mwanzisha uzi, kanisa lako la maji mengi, kwa imani kama si kwa damu, ni mjukuu wa Manz. Babu alitoswa mtoni kwa kukataa kuamuliwa ubatizo wake na baraza. Mjukuu amekua, sasa naye ana baraza.

Na usidhani wazo lako umelizusha sebuleni. John Bunyan, Mbatisti, mtu wa maji mengi kama wewe, aliandika mwaka 1673 kwamba tofauti ya ubatizo wa maji isimzuie mtu kwenye Meza. Wabatisti wenzake wa London walimshukia kama mwewe, lakini hakurudi nyuma.

Lesoni, swali lako la maji: Didake, maandishi ya Wakristo ya kale sana, yanataka maji yanayotiririka. Yakikosekana, maji mengine. Nayo yakikosekana, mimina mara tatu kichwani. Kwa hiyo hata ziwa letu, kwa Didake, ni chaguo la pili.

Lesoni_Musoma

Ziwa linatiririka, linatoka Jinja.

Msomaji_wa_Usiku

Basi wakambatizie Jinja.

Kijana_Malimbe

Mnapiga historia na hamgusi jambo. Mwaka 2023, Shakahola, kule Malindi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu waliofunga kula wakitegemea kumwona Yesu. Mhubiri hana askofu juu yake, hana sinodi, hana wa kumuuliza. Mnaoimba "dhamiri, dhamiri" mjue mwisho wake ndio ule. Mimi si mtu wa kanisa siku hizi, lakini ningekuwa, ningechagua lenye ngazi nyingi.

Dada_Igoma

Malimbe, mimi naisoma kinyume. Kule aliyefasiri ni mtu mmoja. Mamia waliobaki walikabidhi dhamiri zao kwake kama unavyokabidhi simu mlangoni benki. Mama anamnyima mwanawe uji, utaniambia hakukuwa na kitu kinampigia kelele kifuani? Kilipiga, akakizima, kwa sababu mtumishi amesema.

Kijana_Malimbe

Hapo umenipata kidogo. Lakini kidogo tu.

Katekista_Mstaafu

Wanangu, nimesoma tangu jana. Mimi ni Mkatoliki, nimefundisha dini huku Bukumbi hadi macho yamechoka, mjukuu ndiye anaandika, mimi nasema. Mkiona koma zimekosewa ni zake.

Mwanangu wa Mwaloni, watu wengi hudhani sisi tunafundishwa kuizima dhamiri tumsikilize Papa. Katekisimu, namba 1790, inasema mtu hana budi kuitii daima hukumu ya hakika ya dhamiri yake. Si jambo jipya. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa 1274, alifundisha kuwa dhamiri inafunga hata ikikosea. Akatoa mfano ambao wanafunzi wangu walikuwa wanadhani nimeutunga: kumwamini Kristo ni kwema, lakini mtu ambaye akili yake inamwonyesha kuwa ni kubaya, akiamini hivyohivyo, anatenda dhambi. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili watu hawaipendi: ukiwa umekosea kwa sababu ulikuwa mvivu wa kujifunza, kosa la dhamiri halikutoi hatiani. Ndiyo maana nakuuliza, hizo wiki tatu, umesoma au umekasirika?

Kadinali Newman, Mwingereza, aliandika kwenye barua ya mwaka 1875 kwamba ikibidi kuinua glasi baada ya chakula kwa heshima ya Papa, atainua, lakini kwanza kwa dhamiri, kisha kwa Papa. Roma haikumfukuza, ilimtangaza mtakatifu mwaka 2019. Ila katika barua ileile anawasema vikali wanaouita ukaidi wao dhamiri. Dhamiri kwake ni mjumbe anayekuletea amri, mara nyingi amri usiyoitaka. Ukiona dhamiri yako kila siku inakubaliana na wewe, ichunguze.

Sasa niwape ya huku kwetu. Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda wakavuka ziwa kuja kusini, na mwaka 1883 misheni hii ya Bukumbi ikaanza. Kule ng'ambo wakabaki waumini wachanga kabisa, hakuna padri, hakuna misa, hadi 1885. Walifanya nini? Walifundishana. Mwenye kujua sala moja alimfundisha asiyejua. Mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Mwaka uliofuata, Mei 1886, kabaka Mwanga amewakamata vijana wa ikulu, Karoli Lwanga akawabatiza wanne usiku kwa mkono wake, mmoja ni Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni wakachomwa Namugongo. Utaratibu wa mapadre ulikuwa miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo, na nimeona mkeo naye amekaa minne. Lwanga alikuwa na dakika.

Msikimbilie kusema Lwanga alivunja sheria kwa dhamiri. Hakuvunja. Kanisa lenyewe linafundisha kuwa kwenye hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza. Kanisa lilikuwa limemfundisha, halafu likaondoka, na kilichobaki ndani yake kikatosha. Ndivyo ninavyoelewa mimi dhamiri ya Mkristo. (Na Mwanga, alipopinduliwa 1888, alikimbilia huku kusini, akaishia kuhifadhiwa na mapadre hapahapa Bukumbi. Ziwa hili limeona mengi.)

Nikurudie. Mzee wako aliposema mafundisho hayaamuliwi sebuleni, alisema kweli. Dhamiri yako inakuambia *wewe* ufanye nini. Haiwaambii *wazee* wafundishe nini. Na wao wana dhamiri, au unadhani wamezaliwa bila? Mzee yule akimpa mkeo kikombe huku anaamini hajabatizwa, amejikosesha yeye. Kwa hiyo acha kuuliza nani anaamua fundisho. Jiulize: kama unaamini wamekosea, wewe mwenyewe umefanya nini tofauti na asiyeamini?

Nshomile_Origino

Shikamoo mzee. Mjukuu naye mpe soda.

Lesoni_Musoma

Shikamoo mzee wangu. Tunatofautiana mengi ila hilo la mwisho naliandika.

Msomaji_wa_Usiku

Shikamoo Katekista. Naongeza moja tu, halafu nalala. Lesoni alisema kanisa likiamua limeamua. Mwaka 256 maaskofu 87 walikutana Karthago, Afrika Kaskazini, chini ya Siprian, askofu wa huko, wakaamua aliyebatizwa na wazushi abatizwe upya akirudi. Stefano, askofu wa Roma, akakataa katakata: akipokewa awekewe mikono, basi. Sasa pale kanisa ni lipi, la Karthago au la Roma? Baadaye sinodi ya Arles, mwaka 314, ikafuata upande wa Roma. Siprian alikuwa upande ulioshindwa, kwenye jambo hilihili la kubatiza tena, na alikatwa kichwa mwaka 258 kwa ajili ya Kristo. Makanisa yote ya zamani yanamwita mtakatifu, pamoja na kosa lake.

Wakili_Kando

Kwa anayetaka kupeleka jambo mbele: Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani, na inasema pia uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Maana yake hakuna atakayekulazimisha uingie majini, na hakuna atakayewalazimisha wakupe kikombe. Ushauri wangu huwa nautoza, huu bure.

Nshomile_Origino

Nimekuwa nikitania, acha niseme moja la maana. Mnazungumza kama njia ni mbili: utii au uhame. Ng'ambo ya ziwa hili, upande wa Kenya, wapo waliohama kweli. Legio Maria walitoka Ukatoliki mwaka 1963. Kundi la Johera lilitoka Uanglikana wa Nyanza miaka ya mwisho ya hamsini. Siwalaumu, kila mmoja na kisa chake.

Lakini iko ya Mukono. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Askofu Tucker. Walikuwa watu wa uamsho, wale Balokole, yaani waliookoka. Waliamka alfajiri kusali na kuhubiriana dhambi, mkuu wa chuo akakataza, wakaendelea. Mmoja wao ni William Nagenda. Wamefukuzwa, uchungaji umeyeyuka, unadhani walikwenda kusajili kanisa? Walibaki kwenye mabenchi ya kanisa lilelile lililowafukuza, wakaendelea kuungama na kuhubiri kama walei. Uamsho ule ulifika hadi Buhaya kwetu, bibi yangu mimi aliimba *Tukutendereza*, wimbo wao, akipalilia migomba. Huenda na bibi wa mke wako.

Hawakutii na hawakuhama. Sijui tunaiitaje kwa Kiswahili.

Fundi_Mitumbwi

Kung'ang'ania.

Dada_Igoma

Jamani. Tangu juzi nasoma. Mmemleta Luther, Newman, Lwanga, Bunyan, maaskofu 87. Wanaume mia na kitu mnajadili dhamiri ya mwanamke mmoja ambaye sasa hivi anakaanga samaki hapo ndani. Mwanzisha uzi, huyo mkeo umemuuliza *yeye* anataka nini? Si lile la bibi la zamani. Sasa, leo.

Mwana_Mwaloni

Dada, niliisoma nikiwa nimekaa juu ya magunia, nikaona aibu peke yangu. Nikirudi nitamuuliza.

Mwana_Mwaloni

Nimemuuliza. Nimengoja watoto walale. Nikamsomea karibu uzi wote, amecheka pale pa Jinja, pa Lwanga akanyamaza. Nikamwambia, sasa wewe unasemaje, tuwaandikie wazee barua, tuhamie kwa Walutheri hapa mjini, au tufanyeje.

Naandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Mimi na wazee sina shida. Meza ni yao, wameniambia mapema, hawajanidanganya. Wanaamini wanachoamini, na mimi naamini bibi yangu. Shida yangu ni wewe. Miaka minne unakuja nyumbani unaniambia wamekosea. Na kila Jumapili ya kwanza unakunywa."

Nikamwambia, kwa hiyo ulitaka nisinywe? Akasema hajasema hivyo. Akasema, "Nimekuambia ninachokiona nikiwa nyuma kule." Akaenda kufunga mlango wa kuku.

Wakuu sijalala vizuri.

Lesoni_Musoma

Mh.

Katekista_Mstaafu

Mjukuu kanisomea mara mbili. Mkeo ni katekista kuliko mimi.

Kijana_Malimbe

Kususia Meza si ndio kuwagomea wazee? Yaani mgomo baridi. Wataona unawashinikiza.

Dada_Igoma

Akifanya ili wabadilike, ni mgomo. Kuna kitu kingine akifanya kwa sababu hawezi tena kumeza.

Msomaji_wa_Usiku

Na asitegemee wabadilike. Wanatheolojia wa makanisa mengi walikutana Lima, Peru, mwaka 1982 chini ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni wakakubaliana kwa maandishi kwamba kitendo chochote kinachoweza kuonekana ni kubatiza tena kiepukwe. Miaka zaidi ya arobaini, na makanisa ya maji mengi bado yanabatiza, kwa sababu kwao kile cha utotoni hakikuwa ubatizo, kwa hiyo hawabatizi *tena*. Ukiwa ndani ya imani yao, hoja imenyooka. Nasema hivi nikiwa si upande wao.

Mwana_Mwaloni

Nimerudi, wakuu. Samahani kwa kimya, dagaa hawana msimamizi.

Jumatano nilikwenda kwa yule mzee mpole, nyumbani kwake, nikamkuta anachambua mchele na mkewe. Nikamwambia: mzee, ulisema mafundisho hayaamuliwi sebuleni, umesema kweli, na sijaja kuyaamua sebuleni kwako. Nimekuja kukuambia kwamba mimi naamini mke wangu amebatizwa. Kwa hiyo siwezi tena kunywa kikombe ambacho yeye anakipitisha. Simfundishi mtu, sigawi karatasi, sihami. Nitakaa nyuma.

Akauliza, "Unatususia?" Nikasema hapana. Akachambua mchele muda mrefu. Kisha akasema mwalimu wa darasa la vijana lazima awe mshiriki wa Meza, ndivyo katiba ilivyo, kwa hiyo nitamkabidhi mwingine. Sikuwa nimefikiria hilo. Lile darasa nimelifundisha miaka sita. Nikasema sawa. Ijumaa nikapeleka ufunguo wa kabati na lile daftari la mahudhurio. Kwenye kuaga akanishika bega, akasema yeye ataendelea kuniombea nione kweli. Nikamwambia na mimi vilevile. Akacheka, kweli akacheka.

Jumapili nikakaa benchi la nyuma. Mke wangu akaniangalia kutoka kichwani hadi viatuni, akasema kwa sauti ya chini, "Hapo ni mahali pa mama mwenye pacha. Akija unahama."

Sinia ilianzia upande wangu. Nikanyoosha mkono mmoja kama ninavyopokea ndoo ya dagaa, sinia ikayumba, vikombe viwili vikamwaga kidogo kwenye shati.

"Mikono miwili," akaninong'oneza.

Nshomile_Origino

Nimeishiwa utani.

Fundi_Mitumbwi

Na yule mama mwenye pacha alipata pa kukaa?

Mwana_Mwaloni

Alifika wakati wa matangazo. Nikampisha, nikasimama ukutani.